Barua ya wazi: Wasikilizeni wazee wa mgambo wa Vita vya Kagera wangali hai

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa,
Mheshimiwa Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi,
na viongozi wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa.

Waheshimiwa,

Salaam nyingi kutoka Iramba, mkoani Singida. Mimi ni mtoto wa askari mgambo aliyepigana Vita vya Kagera. Ombi langu nalitanguliza ili lisipotee katikati ya maneno: wazee wa mgambo walioenda vitani mwaka 1978 na 1979 waorodheshwe kijiji kwa kijiji, wasikilizwe wangali hai, na watakayoyasema yahifadhiwe mahali ambapo watoto na wajukuu wao wanaweza kuyapata. Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati jeshi la Amin linavuka mpaka, leo anakaribia 70. Wale waliokuwa na miaka 30, wameacha mke na watoto nyumbani, wanakaribia 80, na wengi wameshatutoka.

Kama kazi hii imeshaanza mahali, tunaomba itangazwe mpaka huku kwetu, maana wazee ninaowajua mimi hakuna aliyefikiwa.

Habari kubwa za vita vile tunazo. Watoto wanafundishwa kwamba mwishoni mwa Oktoba 1978 askari wa Idi Amin waliingia Kagera, wakashika eneo lote la kaskazini mwa mto, kama kilomita za mraba 1,800, na tarehe 1 Novemba Uganda ikatangaza kuwa ardhi ile ni yake. Wanafundishwa jinsi daraja la Kyaka lilivyolipuliwa. Maneno ya Mwalimu Nyerere ya tarehe 2 Novemba hata mtoto wa darasa la nne anayaweza kwa moyo: "Uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo." Wanatajiwa makamanda: Twalipo, Kiwelu, Musuguri, Mayunga, Walden. Wanastahili kutajwa, na mimi mwenyewe kama mwalimu nawataja darasani. Lakini jeshi ambalo kabla ya vita halikufika askari 40,000 lilivuka 150,000 katika miezi michache. Walichukuliwa polisi, askari magereza, vijana wa JKT, na mgambo wapatao 40,000 kutoka vijijini. Hao mgambo 40,000 walikuwa kina nani? Waliona nini? Walirudije? Mwanafunzi akiniuliza hayo, sina kitabu cha kumfungulia. Nina baba yangu tu, naye alikwishafariki.

Baba alijifunza mgambo jioni baada ya shamba, wakipigishwa kwata kwenye uwanja wa shule na bunduki za mbao. Mama anasema balozi wa nyumba kumi alikuja usiku, mvua za kwanza zimenyesha na uwele haujapandwa, akasema wote waliomaliza mafunzo wafike asubuhi kwa mwenyekiti wa kijiji. Baba akaondoka na shuka moja. Mimi nilikuwa bado nanyonya. Lori lililowabeba lilikuwa la mfanyabiashara mmoja wa mjini, jina lake limeandikwa ubavuni kwa rangi nyekundu, kwa sababu wakati ule malori na mabasi ya watu binafsi yalichukuliwa nchi nzima kupeleka askari Kagera. Mama analikumbuka lori lile kuliko anavyokumbuka sura ya baba siku hiyo. Mbele ya safari walipewa magwanda, mabuti na bunduki ya kweli, SAR, wakafundishwa haraka haraka, wakapelekwa mbele.

Hakuwa mtu wa kusimulia. Tulipokuwa watoto tukimwuliza habari za vita alisema, "Tulitembea sana," basi, akabadilisha mazungumzo. Ni kweli walitembea. Kutoka Mutukula mpaka Masaka, kutoka Masaka kuelekea Kampala, kwa miguu, mzigo mgongoni, mvua na jua. Mwaka wake wa mwisho, akiwa amelala kitandani na mimi ndiye ninayemgeuza, ndipo aliponisimulia habari ya Lukaya, mji mdogo ulio kati ya Masaka na Kampala. Aliisimulia mara moja tu.

Brigedi ya 201 ilikuwa imejaa mgambo kama yeye, wengi wao hawajawahi kupigana. Walikuwa wanashika njia ya Kampala pale inapopita kwenye kinamasi kikubwa, mafunjo kulia, mafunjo kushoto, barabara imeinuka katikati kama mgongo wa ng'ombe aliyekonda. Jioni ya tarehe 10 Machi 1979 walishambuliwa na Walibya, waliotumwa na Gaddafi kuja kumwokoa Amin, wakiwa pamoja na askari wa Amin wenyewe. Walikuja na vifaru na roketi za katyusha.

"Zile roketi zilitupita juu," baba alisema. "Hazikutua kwetu, zilitua huko nyuma. Lakini ule mlio, mwanangu. Hakuna aliyekuwa ametufundisha mlio ule. Tulikimbia."

Aliingia kwenye kinamasi na wenzake, maji yakamfika kifuani, bunduki ameishika juu ya kichwa kwa mikono miwili. Buti moja likanasa kwenye tope likabaki huko huko. Usiku ule walisikia sauti za Kiarabu barabarani, karibu kiasi kwamba mtu alizuia kikohozi kwa kuuma mkono wake mwenyewe. Aliyekuwa anazuia kikohozi ni rafiki yake, kijana wa Shelui, na baba alinionyesha kwenye mkono wake yeye mahali mwenzake alipojiuma, kana kwamba kovu lile lilikuwa la kwake.

Niliyoyasoma baadaye yanalingana na maneno yake. Adui hakuendelea usiku ule kwenda Masaka. Maofisa wakawakusanya askari waliotawanyika. Brigedi ya 208 ya Mwita Marwa, iliyokuwa kama kilomita 60 kaskazini-magharibi, iliamriwa igeuke upesi, na alfajiri ya tarehe 11 ikatokea kwenye barabara ya Kampala nyuma ya adui, huku Brigedi ya 201 ikipiga kwa mbele. Walibya wapatao 200 walikufa pale, na baada ya Lukaya njia ya kwenda Kampala ikawa wazi. Baba aliingia kwenye mapigano ya asubuhi ile akiwa na buti moja, mguu wa pili ameufunga kipande cha shuka.

Naiandika habari hii hadharani nikijua kuna watakaoona ingefichwa. Baba aliificha zaidi ya miaka 40. Alidhani kukimbia kule ni aibu yake mwenyewe, hata mama hakuwa ameambiwa. Kumbe ni brigedi nzima iliyovunjika usiku ule, na ni brigedi hiyo hiyo iliyorudi asubuhi ikashinda. Kama angekaa na wenzake hata siku moja, chini ya mti, mtu akawauliza kwa heshima nini kilitokea, angesikia kutoka vinywani mwa wengine kwamba hakuwa peke yake majini. Alikufa hajaisikia. Hilo linaniuma kuliko jambo lolote jingine katika maisha yake.

Kwa hiyo, waheshimiwa, mtakapowatuma watu wa kuwasikiliza wazee hawa, tafadhali wasiende na majibu mfukoni. Wasiwaombe wazee watoe ushujaa tu. Waacheni waseme njaa, hofu, kuhara damu, malaria, ajali. Baba alisema wenzake aliowaona wakifa kwa magari kupinduka ni wengi kuliko aliowaona wakifa kwa risasi, na rafiki yake wa Shelui alikuwa mmoja wao. Alikufa mapigano yalipokuwa yameisha, wakati wengine wanahesabu siku za kurudi nyumbani.

Waacheni waseme na ya Masaka pia. Askari wetu walikuwa wametoka kuona yaliyofanywa Kagera: raia waliouawa, nyumba zilizochomwa, ng'ombe walioswagwa kuvushwa mpaka. Walipoiteka Masaka tarehe 24 Februari, na Mbarara wakati huo huo, majengo mengi ya miji ile yalilipuliwa kwa kulipiza kisasi. Baba alipita Masaka akaona duka lisilo na paa na viatu vya watoto vimetapakaa barabarani. Akaokota jozi moja aniletee mimi. Akatembea nayo mpaka jioni, kisha akaiweka kwenye kizingiti cha nyumba moja akaiacha. Nilipomwuliza kwa nini, alinijibu, "Havikuwa vya kwako." Historia isiyo na nafasi ya viatu vile haitamfundisha mtoto wangu kitu kuhusu vita. Nasema hivyo kama mwalimu, na sasa tunapofundisha somo la Historia ya Tanzania na Maadili nasema kwa sauti kubwa zaidi, kwa kuwa sijaona mahali ambapo historia na maadili vinakutana kama kwenye kizingiti kile.

Siku ya mazishi walifika wazee ambao sisi watoto hatukuwajua, kutoka Kinampanda, Shelui na hata Nzega. Sijui nani aliwapa habari. Walimwita baba "Fundi". Tulishangaa, maana baba yetu alikuwa mkulima. Mmoja wao akatueleza kwamba baada ya Lukaya baba alipata buti la maiti, halikumtosha, akalipasua na kulishona upya kwa waya wa simu, na tangu hapo kombania nzima ikawa inamletea mabuti yaliyochanika. Walisimama mstari mmoja kaburini, mmoja ameshikilia fimbo, mwingine ameshikiliwa na mjukuu, wakapiga saluti. Kwa saa moja pale msibani nilijifunza habari nyingi za baba kuliko nilizozipata katika miaka yote niliyoishi naye. Nilipanga kuwafuata mmoja mmoja niwarekodi kwa simu. Mzee wa Nzega alikufa kabla sijamfikia.

Kwenye sanduku la bati la baba tulikuta daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha mgongoni. Ndani ameandika kwa kalamu ya risasi majina ya wenzake, na mbele ya kila jina kijiji chake: Ndago, Kiomboi, Urughu, Mkalama, Manyoni. Wengine wana jina la utani tu. Baadhi ya majina yana msalaba mdogo pembeni, na mawili yana alama ya kuuliza. Nafikiri hakujua kama walirudi. Inawezekana nyie mnajua. Inawezekana mahali fulani kwenye makabati ya serikali kuna orodha ambayo ingeziondoa alama zile mbili za kuuliza, na kuna familia mahali fulani inayosubiri jibu hilo hilo tangu 1979.

Nilijaribu. Katika ofisi moja nilipokelewa vizuri, nikapewa kiti, nikaambiwa kwamba mgambo hawamo kwenye majalada ya askari wa kudumu na kwamba nijaribu kwingine. Kwingine nikaambiwa nirudi pale pale. Simlaumu mtumishi yeyote. Wale niliokutana nao walikuwa vijana, na hakuna aliyewapa mahali pa kumpeleka mtu kama mimi. Ndiyo maana nawaandikia nyie wenye mamlaka ya kupafungua mahali hapo.

Tena si kazi ya gharama kubwa. Kila wilaya ina Mshauri wa Mgambo. Kila kijiji kina mtendaji na mwenyekiti, na kila kitongoji kinamjua mzee wake aliyekwenda Uganda. Barua moja kutoka juu, ikiagiza majina yapelekwe wilayani ndani ya miezi mitatu, italeta orodha ambayo hakuna mtafiti angeweza kuipata kwa miaka kumi. Vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma vina wanafunzi wa historia wanaotafuta mada za utafiti. JKT ina maelfu ya vijana wenye simu zinazorekodi vizuri kuliko mitambo ya redio ya zamani. Kijana wa JKT akikaa na mzee wa mgambo, wataelewana: wote wanaijua kwata, wote wameamshwa usiku kwa filimbi. Mzee aongee kwa lugha anayoiweza. Baba alianza kisa cha Lukaya kwa Kiswahili akakimalizia kwa Kinyiramba, na mahali pazito pote palikuwa kwenye Kinyiramba. Wapeni vijana wanaotoka huko huko.

Nyaraka na picha ni jambo la kuangalia kwa makini. Watu wanaogopa kutoa daftari, barua au medali ya marehemu wao kwa sababu wanajua vitu vikienda ofisini havirudi. Pigeni nakala wilayani, mbele ya mwenyewe, na mwenyewe aondoke na kitu chake siku hiyo hiyo. Mkifanya hivyo mtashangaa ni masanduku mangapi ya bati yatakayofunguliwa. Na kanda za Redio Tanzania za wakati ule, kama zipo kwenye maktaba ya TBC, zisikilizwe pamoja na wazee hawa. Mama anasema habari zote za vita walizipata kwenye redio ya jirani, watu wamejaa uani mpaka barabarani, na wanawake wenye waume vitani wanapewa nafasi ya mbele.

Hao wanawake msiwasahau. Mama alilima peke yake msimu ule na uliofuata, mimi nikiwa mgongoni. Vita vilipoisha Mwalimu aliomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18, na mama anasema yeye mkanda wake haujafunguliwa mpaka leo. Sukari ilikuwa hadithi. Sabuni hakuna, walifua kwa majani ya mpapai, na nguo ya baba ya kiraia aliifua kila mwezi ingawa hakuna aliyeivaa, ili akirudi asiikute inanuka sanduku. Baba aliporudi alikuwa amekonda, na sikio la kushoto halisikii. Hawakumpa mtu wa kumweleza jinsi ya kuishi tena na watu. Alipewa nauli. Kwa miaka kadhaa radi ikipiga alikuwa anatoka nje na kusimama mvuani, hakuweza kukaa chini ya paa, na mama alitoka na kusimama naye. Mwulizeni mama habari za Vita vya Kagera, atawaeleza vita ambavyo havikuisha tarehe 3 Juni 1979.

Vivyo hivyo na wananchi wa Kyaka, Mutukula na vijiji vyote vya ng'ambo ya mto waliokimbia makwao wakarudi kukuta majivu. Wao wana mengi ya kusema kuliko mimi wa Singida, na nawaachia wayaseme.

Kuna makaburi ya Kaboya, wilayani Muleba, ambako miili ya askari wetu wengi iliyokuwa imezikwa Uganda ilirudishwa ikapumzishwa. Tunashukuru kwa hilo kwa dhati. Kijana wa Shelui huenda yuko pale. Baba alitamani maisha yake yote aende akaone jina lake, lakini kutoka Iramba mpaka Muleba ni nauli ambayo mkulima haipati kirahisi, na afya ilipokwisha hamu ikabaki mdomoni. Ningeomba orodha ya majina ya Kaboya iwekwe hadharani, kwenye mtandao na kwenye ofisi za wilaya, jina, kijiji na tarehe kama inajulikana. Familia nyingine hazijui kama mtu wao amelala pale au bado amelala Uganda. Na kila mwaka, Siku ya Mashujaa inapokaribia, serikali ichukue basi moja au mawili kutoka mikoa tofauti, wazee wachache waliobaki wapelekwe Kaboya wakawaone wenzao. Mwaka huu Singida, mwaka kesho Ruvuma, mwaka unaofuata Tabora.

Tarehe 25 Julai ya mwaka huu mtasimama mbele ya taifa mkiwa na ngao na mikuki na mashada ya maua. Ingekuwa heshima kubwa kwetu kama siku hiyo mtatangaza kwamba kazi ya kuwasikiliza wazee wa mgambo inaanza, na kutaja ni nani katika kila wilaya atakayepokea majina. Mkitangaza, sisi wa Iramba tutakuwa tayari. Daftari la baba nitalileta mwenyewe. Mzee wa Kinampanda amekubali kuzungumza, na wa Shelui amekubali pia, ila anaomba atakayekuja afike asubuhi, kabla jua halijawa kali, na azungumze karibu na sikio la kulia.

Wenu mtiifu,

Mwalimu wa shule ya msingi na binti wa Fundi,
Iramba, Singida